TUSINGOJE KUCHANGA FEDHA ZA JENEZA

Ndugu Wanachama,

Ukurasa huu wa kwanza kwa desturi ni wa mishahara na mashauri yetu na wakubwa. Habari hizo zipo ndani, na kila mtu azisome. Lakini safari hii Halmashauri imekubali neno jingine litangulie, kwa sababu neno hilo limetuingilia hata nyumbani. Mwaka uliopita tulimzika mtoto wa mwenzetu, kijana wa miaka 16. Hakuuawa na homa wala hakugongwa na gari. Alijiua.

Jina lake sitalitaja, wala sitaeleza alifanyaje. Madaktari wanaojua mambo haya hutuonya kwamba kueleza namna ya kifo cha jinsi hiyo huweza kumvuta kijana mwingine mwenye huzuni afuate njia ile ile. Nitaeleza yaliyotangulia tu, maana hayo ndiyo yawezayo kumwokoa mtoto wako.

Siku za msiba Chama kilifanya kazi yake vizuri. Orodha ilipita karakana, ikapita stesheni, ikafika hata kwa wenzetu walioko njiani. Kwa siku mbili fedha za jeneza na za basi la kwenda kuzika zilipatikana. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokusanya, nami nilijiona mtu wa maana. Lakini usiku wa kurudi, ndani ya basi, wengine wamelala, nilianza kuhesabu jambo jingine. Ni nani kati yetu aliyempa kijana yule robo saa ya kumsikiliza alipokuwa hai? Sikumpata hata mmoja.

Tena mimi nina deni kubwa kuliko wengine. Majuma mawili kabla ya siku ile alikuja mlangoni kwangu jioni, ameshika viatu vyake vya kuchezea mpira. Akasema, "Mzee, mpe mdogo wangu. Mimi sitavihitaji tena." Nikamshukuru. Nikamsifu mbele ya mwanangu kuwa huyu ndiye mtoto mwenye roho njema. Kisha nikachukua kofia yangu nikaenda zamu ya usiku. Kijana aliyependa mpira kuliko chakula anagawa viatu vyake, na mimi mtu mzima sikumuuliza kwa nini.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa reli. Kazini mtu akipita bendera nyekundu ataitwa ofisini ajieleze, na pengine kazi itakwisha. Twajua sote sheria ya kwanza: ukiwa na shaka, simama kwanza, uulize baadaye. Lakini nyumbani twafanya kinyume. Tukiwa na shaka twapita, tukisema, "Ni utoto, utakwisha."

ISHARA ZENYEWE

Nimeuliza wauguzi na walimu, nikasoma na vitabu vya Wizara ya Afya kadiri nilivyoweza. Hizi ndizo ishara za kutazama kwa kijana.

1. Maneno. Anasema anachoka na maisha, au angependa kulala asiamke, au yeye ni mzigo na nyumba ingepata nafuu bila yeye. Pengine husema kwa mzaha. Pengine haneni, bali huandika katika daftari au katika simu.

2. Kugawa vitu avipendavyo, kuaga watu bila safari, kuomba msamaha kwa makosa ya zamani kama mtu anayefunga hesabu.

3. Kujitenga. Aliyekuwa na marafiki sasa hana. Aliyependa mpira, kwaya au michezo sasa haendi.

4. Usingizi na chakula. Halali usiku, au hulala mchana kutwa. Hali, au hula bila kiasi. Haogi, hajali nguo wala nywele.

5. Hasira. Hili hutupoteza wazazi wengi. Mtu mzima mwenye huzuni tumezoea kumwona ameinama. Kijana mwenye huzuni pengine hutukana na kugonga milango. Sisi twaona utovu wa adabu, twatafuta fimbo.

6. Kazi ya shule kuanguka kwa ghafula, au kutoroka shule.

7. Pombe, bangi, na kucheza na hatari kama mtu asiyejali kama ataishi.

8. Alama za majeraha aliyojifanyia mwenyewe. Ukimwona avaa mikono mirefu hata wakati wa jua kali, tazama kwa upole.

9. Utulivu wa ghafula baada ya huzuni nyingi. Wazazi hufurahi wakisema amepona. Huenda amepona kweli. Lakini huenda amekata shauri, na moyo umetulia kwa sababu hiyo. Usiache kuuliza.

Ishara moja peke yake si hukumu. Mtoto aweza kukataa ugali kwa sababu ya mapenzi, na juma lijalo akala sahani mbili. Lakini zikija mbili tatu pamoja, simama. Zikija baada ya jambo zito, kama kufiwa, kushindwa mtihani, kufukuzwa shule, kupata mimba, kunajisiwa, kuonewa na wenzake au kudaiwa fedha za kamari, simama upesi zaidi. Na ishara ya kwanza, ile ya maneno, yatosha peke yake. Kijana aliyewahi kujaribu zamani ndiye wa kuangaliwa kuliko wote.

Msidhani haya ni mambo ya mji mmoja au kabila moja. Shirika la Afya la Ulimwengu lahesabu watu zaidi ya 720,000 wanaokufa hivi kila mwaka duniani. Kati ya vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vyao. Na karibu robo tatu ya vifo vyote hivyo hutokea katika nchi zisizo tajiri, kama yetu.

MANENO YA UONGO TUNAYOAMBIANA

Wengine husema, "Anayesema hatafanya." Si kweli. Wengi waliokufa walikuwa wamemwambia mtu, naye hakusadiki.

Wengine husema, "Ukimuuliza habari za kujiua utamtia wazo hilo kichwani." Si kweli. Waliochunguza jambo hili wameona kwamba kumuuliza hakumtii wazo hilo. Mara nyingi mwenye mzigo huo huona nafuu kwa kuwa hatimaye mtu amemwuliza wazi.

Wengine husema ni laana ya ukoo, au ni ukosefu wa imani. Mimi nililelewa katika shule ya misheni, na ningali ni mtu wa kanisa. Lakini nakumbuka habari tuliyofundishwa ya nabii Elia, ambaye alikuwa na imani kuliko sisi sote, naye aliketi chini ya mti jangwani akaomba afe. Malaika aliyemjia hakumkaripia. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akaja mara ya pili. Sisi tumegeuza mambo: twaanza na mahubiri, na mkate twausahau.

MAMA MMOJA ALIYESIMAMA

Sasa nieleze habari nyingine, wenyewe wameniruhusu bila majina. Katika nyumba zetu yumo mama mmoja afanyaye kazi ya kusafisha mabehewa. Jirani yake alifiwa na mke, akabaki na binti wa kidato cha pili. Baba ni mtu wa safari, leo yuko hapa, kesho yuko stesheni ya mbali. Binti aliacha kusuka nywele, akaacha kwenda kwaya. Jioni moja alikuja kwa mama huyo kumsaidia kukata sukuma. Katika kukata akasema polepole, kama mtu anayesema habari za mvua, "Karibu nitamfuata mama."

Yule mama aliweka kisu chini. Hakupiga kelele, hakusema, "Shindwa!" Alimsogelea akamwuliza, "Mwanangu, unafikiri kujiua?" Binti akalia. Akasema ndiyo, ni majuma matatu sasa. Mama akamwambia, "Asante kwa kuniambia. Leo hulali peke yako." Usiku ule binti alilala kitandani kwake, na asubuhi wakaenda wote wawili hospitali ya kaunti. Alionwa na daktari, akapewa mshauri wa kuzungumza naye, kwanza kila juma, baadaye kila mwezi. Leo binti yuko shuleni.

Mama huyo si daktari. Alisoma mpaka darasa la saba. Alifanya mambo matatu tu: alisikia, aliuliza, akamsindikiza. Kila mmoja wetu aweza kufanya matatu hayo.

UFANYE NINI

Kwanza, tafuta mahali pa faragha, uketi naye, uulize wazi kama yule mama alivyouliza. Usizunguke kwa mafumbo. Usiulize hivi: "Wewe huwezi kufikiri mambo ya kipumbavu, au sivyo?" Swali la namna hiyo limejijibu lenyewe, na mtoto atasema sivyo ili akuridhishe.

Pili, sikiliza mpaka mwisho. Usihesabu gharama ulizomlipia. Usimlinganishe na ndugu yake. Usimpige. Na akikuomba usimwambie mtu, usiape. Mwambie, "Siri yako sitaitembeza mitaani, lakini jambo hili twalihitaji msaada."

Tatu, usimwache peke yake saa zile za hatari. Ondoa karibu naye kila kitu kiwezacho kumdhuru. Dawa za hospitali, dawa za shambani na za wadudu zifungiwe kwa ufunguo au zitolewe nyumbani kabisa, hapa mjini na kule shambani pia. Wengine watasema, "Mtu akitaka atapata kingine." Sivyo mambo yalivyo. Saa ya giza mara nyingi hupita, na kitu kikiwa mbali, mtu hupata nafasi ya kuokolewa. Kule Sri Lanka serikali ilipiga marufuku dawa za shambani zilizo kali sana, na hesabu ya watu wanaojiua ikashuka kwa zaidi ya nusu.

Nne, mpeleke hospitali. Ikiwa hatari ni ya saa ile ile, nenda hospitali iliyo karibu, mahali pa wagonjwa wa dharura, hata kama ni usiku wa manane. Ikiwa kuna nafasi, nenda zahanati au hospitali ya kaunti, useme wazi, "Mtoto wangu anafikiri kujiua." Usiseme anaumwa kichwa. Nairobi iko hospitali ya Mathari, iliyoanza mwaka wa 1910. Najua jina hilo hutumiwa mitaani kwa matusi. Aliyeumia mguu huenda kwa daktari wa mifupa bila haya. Na aliyeumia moyoni aende kwa daktari wake bila haya vilevile.

Tano, simu. Namba 116 ni ya Childline Kenya, ya watoto na vijana, haina malipo, mchana na usiku. Namba 1199 ni ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, nayo haina malipo. Befrienders Kenya wasikilizao watu wenye mawazo ya kujiua wapatikana kwa 0722 178 177. Kata kipande hiki ukibandike nyuma ya mlango, mahali mtoto atakapokiona bila kukuomba.

Sita, usiache baada ya siku ya kwanza. Majuma yanayofuata kutoka hospitali yana hatari kubwa, na ndipo jamaa hurudi makwao wakidhani kazi imekwisha. Dawa zisikatwe bila neno la daktari. Siku ya kurudi isisahauliwe. Mwalimu mmoja mwenye hekima aambiwe.

Na neno la fedha. Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya SHA. Hakikisha leo kwamba jina la mtoto wako limeandikwa chini ya jina lako. Usingoje mpaka uko mlangoni pa hospitali, karani anatafuta jina lisiloonekana.

SHERIA ILIYOTUFUNGA MIDOMO

Wako wazazi waliomficha mtoto kwa hofu ya polisi, na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, naye aliweza kufungwa mpaka miaka miwili. Mtu ameponea chupuchupu, badala ya kupewa uji akapewa pingu! Sheria hiyo tuliirithi kwa wakoloni. Waingereza wenyewe waliifuta kwao mwaka wa 1961, lakini sisi tukabaki nayo baada ya Uhuru zaidi ya miaka sitini.

Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu, Nairobi, alitamka kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Mashtaka yaliletwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Chama cha Madaktari wa Akili wa Kenya, pamoja na mtetezi mmoja wa wagonjwa. Basi mpeleke mtoto wako hospitali bila kuogopa. Yeye ni mgonjwa wa kutibiwa, si mwizi wa kukamatwa.

CHAMA KIFANYE NINI

Narudi kwa baba wa yule binti. Alipopigiwa simu usiku ule alikuwa stesheni ya mbali. Alimwomba mkubwa wake ruhusa ya kwenda kumwona mtoto. Akaulizwa, "Amekufa?" Akasema hapana. Akaambiwa, "Basi maliza zamu." Alivumilia mpaka asubuhi, kisha akaondoka bila ruhusa. Alikatwa mshahara wa siku mbili akapewa na barua ya onyo. Ndugu, tazameni jambo hilo. Kama binti angekufa, baba angepewa ruhusa, na sisi tungetembeza orodha. Kwa kuwa yu hai, baba yake ana makosa.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yatupa likizo ya mwaka, yatupa likizo ya ugonjwa wa mfanyakazi mwenyewe, na ya uzazi kwa mama na baba. Likizo ya kumwuguza mtoto haimo. Lakini ambalo sheria haikutoa, mapatano yaweza kulitoa. Ndiyo kazi ya chama cha wafanyakazi tangu mwanzo wa dunia.

Kwa hiyo Mhariri aleta mambo matatu mbele ya matawi yote, yajadiliwe katika mikutano ijayo:

La kwanza, katika mapatano yajayo tudai siku za ruhusa yenye mshahara kwa mzazi ambaye mtoto wake yu katika hatari, kwa cheti cha hospitali, bila kueleza ugonjwa wenyewe mbele ya ofisi nzima. Na ile barua ya onyo ya mwenzetu ipingwe mpaka iondolewe katika faili lake.

La pili, kila tawi lichague watu wawili, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, waaminifu na wasiopenda maneno ya mitaani, wapelekwe kufundishwa kusikiliza na kusindikiza. Yule mama wa mabehewa awe wa kwanza kuombwa.

La tatu, Mfuko wa Msiba tulio nao usiwe wa wafu peke yao. Sehemu yake itengwe kwa nauli ya kwenda kliniki na dawa za watoto walio hai. Nauli ya kwenda kliniki ni senti kidogo sana mbele ya bei ya jeneza.

Najua wengine watasema kwamba Chama kisiingie ndani ya nyumba za watu. Nawajibu kwamba zamu za usiku ndizo zilizoingia kwanza. Kazi ndiyo inayotuweka mbali na watoto wetu majuma na majuma, tukaja kuwaona wamelala na kuwaacha wamelala. Kama kazi imeingia, Chama nacho kina haki ya kubisha hodi.

Lakini liko jambo lisilongoja mapatano wala mkutano. Usiku wa leo, ukitoka kazini, usiulize kwanza alama za hesabu. Keti na mtoto wako, umwulize, "Moyo wako u hali gani?" Akisema salama, keti kidogo tena.

Wale viatu vya mpira vingali nyumbani kwangu. Mwanangu bado hajakua vya kumtosha. Nimeviweka mahali nitakapoviona kila nitokapo kwenda zamu.

Umoja ni nguvu.

Wenu katika kazi ya Chama,
MHARIRI